Dawa ya Malachy kwa Kondoo wa Attracta

Malachy Tuohy hakuwahi kukosea maishani mwake. Kama huamini, ungemwuliza mwenyewe, naye angekueleza kwa kirefu akiwa ameegemea lango lako, huku maziwa yako yakichemka na kumwagika jikoni. Sisi wa Gortavalla tulishamzoea. Alitujia miaka ishirini na saba iliyopita kutoka milima ya Mayo, akiwa na koti moja, mbwa mmoja na majibu ya kila swali, akamwoa Attracta Hartigan. Tangu hapo hakuna kondoo, ng'ombe wala jirani aliyeugua katika parokia yetu bila Malachy kuja kumwambia amepungukiwa na nini.

Kwa Malachy kila ugonjwa ulikuwa upungufu. Kondoo akichechemea, kapungukiwa na shaba. Ng'ombe akimkataa dume, kapungukiwa na kobalti. Mossie Hanrahan, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alipoanguka kutoka juu ya trela la nyasi akavunjika nyonga, Malachy alikwenda kumwona hospitalini na kumweleza kuwa mifupa yake ilikosa madini.

"Mimi nilikosa ngazi," Mossie akamwambia.

Malachy akatikisa kichwa kwa huruma na kuendelea kula zabibu za mgonjwa.

Lakini haki yake tumpe, tusije tukaonekana wachoyo. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, huko Mayo, wanakondoo wa mama yake walizaliwa vizuri, wakanyonya siku tatu, kisha wakaanza kuanguka mmoja mmoja, miguu imekakamaa. Walipopasuliwa, mioyo yao ilikuwa na michirizi myeupe. Ardhi ya kule ni fukara wa madini yanayoitwa seleniamu, ambayo kondoo anayahitaji kidogo sana, kiasi cha kukaa kwenye ukucha na kubaki nafasi. Daktari wa mifugo akaja na kichupa, akawachoma sindano waliobaki, na kesho yake wale walioshindwa kusimama walikuwa wanarukaruka bandani. Mama Tuohy, mjane wa mwaka mmoja, alicheka kwa sauti. Malachy hakuwa amemsikia mama yake akicheka tangu mazishi. Sasa mtoto aliyeona hayo, nani atamlaumu kwa kukiamini kichupa kile?

Shida ni kwamba alikuja nacho kwetu. Na Gortavalla, hasa vipande vile vya chini karibu na mto, ardhi ina seleniamu ya kuwagawia Mayo nzima. Wazee walijua jambo hilo kabla ya maabara yoyote. Zamani za babu yake Attracta, farasi mmoja aliachwa huko chini majira mazima akila, mkia ukanyonyoka wote, kisha kwato zikamtoka. Pakaitwa Shamba la Kwato hadi leo. Mzee Hartigan, baba yake Attracta, aliwapitisha kondoo wake pale siku chache tu kwa mwaka, na hakuwahi kuwapa madini yoyote zaidi ya chumvi ya kawaida. Siku ya harusi alimshika mkwewe begani.

"Kijana, hawa wa kwetu usiwape kitu. Ardhi inawapa."

Malachy akacheka kwa adabu, kama mtu anavyomchekea mkwe aliyekwisha kunywa glasi tatu.

Kondoo wenyewe walikuwa ishirini na wawili, majike, wa ile mbegu ya zamani ya Galway, wakubwa, weupe, wenye kishungi cha sufu kichwani. Wengine wote hapa tulishawaacha kitambo tukakimbilia kondoo wa kigeni wenye mapaja. Mzee Hartigan hakuwaacha. Alipokuwa kitandani anakata roho alimwachia Attracta wale kondoo na neno moja, kwamba mbegu ile isiishie mikononi mwake. Attracta si mwanamke wa maneno mengi. Baada ya mazishi alimketisha mumewe jikoni, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu yenye kitaa chekundu.

"Malachy, ng'ombe ni wako. Trekta ni yako. Mdomo ni wako. Hawa ishirini na wawili niachie mimi. Dawa zako zisiwaguse."

"Nakupa neno langu," Malachy akasema, akajipiga kifua.

Na akalitunza miaka tisa. Tusimnyime sifa. Kwa mtu wa aina yake ile ilikuwa Kwaresima ya miaka tisa bila Pasaka.

Mahali pengine hakujinyima. Hata chai ya mkewe aliitibu. Kila siku saa kumi alasiri alimtengenezea Attracta kikombe, na kila siku akatia vijiko vitatu vya sukari, kwa sababu mwanamke wa shamba, alisema, anahitaji nguvu. Attracta alishukuru, akasubiri mumewe atoke, akamwagia chai yote ua lililokuwa kwenye chungu dirishani. Ua likafa. Malachy akalichunguza, akatamka kuwa limekosa mbolea, akanunua jingine, akalitia mbolea. Hilo la sasa ni la sita.

Basi mwaka jana, mwezi wa Machi, ikafika zamu ya nyumba yao kupokea Misa. Kwetu padri huja kusomea Misa nyumbani kwa watu, nyumba moja kila majira ya kuchipua na nyingine kila vuli, majirani wote huhudhuria, na baada ya baraka hunywewa chai na kuliwa hadi vifungo vilalamike. Ni siku ya ibada. Ndiyo maana kwa wiki mbili kabla yake mwenye nyumba hapaki rangi kuta tu, anapaka na vitu ambavyo Mungu mwenyewe hakupanga kuvitazama. Malachy alipaka chokaa banda, malango, mapipa mawili ya maji na mawe ya njiani, jiwe moja moja. Attracta akaoka mikate ya soda na pai za tufaha, akatafuta vikombe vya kuazima.

Ndipo Malachy, brashi mkononi, akainua macho akawaona kondoo.

Walikuwa kwenye kiwanja cha nyuma ya ua, kipande cha juu cha lile Shamba la Kwato. Attracta alikuwa amewaleta hapo kwa siku zile chache za desturi ili wawe karibu, maana zilibaki wiki tatu wazae. Walionekana kama anavyoonekana yeyote aliyebeba mapacha baridi yote: wamechoka, sufu imefifia, tumbo linawatangulia. Hawakuwa na ugonjwa wowote. Lakini kila jirani angepita pale kwenda kuegesha gari, na kila jirani ana macho na mdomo. Watasema kondoo wa Malachy Tuohy wamekonda. Kwamba hawakuwa wake, hilo lilimtoka akilini kwa namna ya ajabu kabisa.

Jumatano Attracta alikwenda mjini kutengeneza nywele. Malachy akaweka ndoo ya madini ya kulamba nyuma ya ukuta, mahali ambapo mkewe hangeiona kutoka dirishani. Kulamba si dawa, alijiambia. Alhamisi Attracta akaenda kwa dada yake kuazima vikombe, na dada yake haazimi kikombe bila kusimulia saa mbili. Malachy akawakusanya kondoo, akawanywesha kila mmoja dawa ya madini kwa lile bomba lake la mdomoni. Kunywesha si sindano. Halafu, kwa kuwa walishakusanyika, na kichupa kilikuwa mfukoni kwa bahati tu, akawachoma na sindano.

Ijumaa asubuhi kondoo walikuwa wameinamisha vichwa. Chakula wamekibakiza. Wengine walisimama wamegeukia ukuta. Mtu mwingine yeyote angejiuliza kidogo. Malachy naye alijiuliza, akajijibu papo hapo, maana hakuwahi kujichelewesha: upungufu ulikuwa mkubwa kuliko alivyodhani. Akawachoma tena, Attracta akiwa jikoni na unga hadi mikononi. Chupa tupu akazitumbukiza ndani ya pipa la zamani la kusukia maziwa, akafunika.

Jumamosi saa tano jikoni palijaa. Tulisimama hadi kwenye ngazi. Padri Costigan, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, alisomea Misa juu ya meza ya chakula, chini ya kile kitaa chekundu, akaombea marehemu wa nyumba ile, hasa mzee Hartigan, na mifugo yote ya parokia. Malachy alijibu "Amina" kwa sauti kuliko wote. Kabla hatujafika alikuwa ameingia kiwanjani kuwapigia makofi kondoo waliolala ili wasimame.

Kisha zikaja soseji, mayai, nyama ya nguruwe iliyokaangwa, mikate na pai, na watu wakatoka uani na sahani zao kuchungulia, kama ilivyo ada. Na ada nyingine ni kusifu. Siku ya Misa ya zamu kwetu unasifu hata mlango uliopinda.

"Malachy, hawa kondoo wanang'aa," Mossie akasema, ameegemea fimbo yake. "Umewapa nini? Au umewapaka chokaa pamoja na malango?"

"Nyasi," Malachy akasema. "Nyasi, na jicho la mtu anayejua kazi yake."

"Sindano je? Wewe bila sindano si sawa na padri bila mvinyo?"

"Mimi niko hapa hapa nasikia," Padri Costigan akasema, mdomo umejaa pai.

Watu wakacheka. Ndipo Malachy, kwa kilemba kile cha ukoka alichovishwa, akajisahau.

"Hakuna hata tone. Hawa ni wa mke wangu, na mke wangu nilimpa neno langu. Mwulizeni."

Attracta alikuwa nyuma yake na birika la chai. Hakuwa na kawaida ya kumsifu mumewe hadharani, wala faraghani kwa kweli, hakukuwa na nafasi, Malachy alikuwa anajisifu mwenyewe. Lakini siku ile nywele zilikuwa zimetengenezwa, pai zilikuwa zimesifiwa, na baba yake alikuwa ametajwa kwenye Misa.

"Hapo niseme ukweli, jamani," akasema. "Miaka tisa hajawagusa. Ni kitu kimoja tu nilichomwomba, na amenipa." Akamjazia Malachy kikombe kabla ya kila mtu.

Malachy angeweza kusema wakati ule. Pembeni, kwa kumvuta mkono tu. Alikunywa chai.

Kondoo mmoja karibu na ukuta akatanua miguu, akanyoosha shingo na kuanza kuhema, mbavu zikipanda na kushuka. Povu lilimtoka puani. Akapiga magoti, akalala kwa ubavu.

"Yule amelala?" Padri Costigan akauliza.

"Anapumzika tu, Padri," Malachy akasema. "Amebeba mapacha."

Alikuwa amekufa. Attracta aliweka birika chini, juu ya jiwe lililopakwa chokaa, akaruka ukuta kwa sketi yake ya Misa. Alipofika kwa yule wa kwanza, wa pili alikuwa anaanguka.

Mossie ndiye aliyepiga simu. Daktari Dervla Lenihan, daktari wetu wa mifugo, alifika baada ya nusu saa, ana gambuti hadi magotini na nywele za mtu aliyeitwa kutoka kitandani Jumamosi yake ya mapumziko. Ni msichana wa miaka thelathini hivi, mwepesi, hapotezi neno. Malachy amekuwa akimfundisha kazi yake tangu siku aliyofungua ofisi. Kufikia hapo kondoo watatu walikuwa wameshakufa, na wanne wako chini wanahema. Daktari akawapima, akauliza hili na lile, kisha akaomba mahali pa kumpasulia mmoja.

Wakatoa mlango wa zamani wa banda, wakaulaza juu ya yale mapipa mawili meupe. Malachy akang'ang'ania kushika beseni. Na sisi wa Gortavalla ni watu wa heshima, hakuna aliyeondoka, na hakuna aliyeacha soseji yake.

Dervla alipasua kifua. Mapafu yalikuwa mazito, yamevimba kwa maji, na alipoyakata likachuruzika povu la waridi juu ya mlango. Ini lilikuwa limejaa damu, jeusi, kingo zake zimevimba. Figo vilevile. Akaviweka kimoja kimoja kwenye beseni, na Malachy akavipokea bila ya kutoa hata somo moja. Mwisho akautoa moyo, akaupasua kwa kisu, akaugeuza kwenye mwanga. Ndani ya nyama nyekundu mlikuwa na michirizi ya rangi ya uji.

Malachy aliutambua. Aliwahi kuuona bandani kwa mama yake. Na hapa naomba usicheke mapema: uso wake ulichangamka.

"Upungufu," akasema. "Si nilisema? Upungufu wa seleniamu. Miaka tisa nasema."

"Inawezekana," Dervla akasema. "Seleniamu ikipungua, moyo unakuwa hivi. Lakini ikizidi pia unakuwa hivi. Na haya mapafu siyapendi. Kwa hiyo nauliza, na nijibiwe vizuri. Wamepewa chochote? Cha kulamba, cha kunywa, sindano?"

"Hawajapewa kitu, daktari," Attracta akajibu kutoka chini. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope, kichwa cha kondoo mmoja kiko mapajani mwake. "Hapa hawapewi. Tangu enzi za baba."

"Bwana Malachy?"

Pale uani tulikuwa watu thelathini na padri. Birika lilikuwa bado juu ya jiwe.

"Hawajapewa kitu," Malachy akasema.

Dervla alimtazama kidogo zaidi ya inavyohitajika, kisha akaenda kwenye gari lake. "Majibu ya maabara yatatoka Jumanne," alisema akirudi. "Hawa walioanguka hawafiki Jumanne. Kama kweli hawana seleniamu mwilini, sindano ndogo inaweza kuwaokoa. Kama wanayo, itawamaliza. Mmesema hawajapewa, basi nawachoma."

Neno lile "itawamaliza" liliingia kwa sikio la Malachy na kufika hadi mwisho, pengine la kwanza tangu azaliwe. Akahesabu. Ndoo Jumatano. Ya mdomoni Alhamisi. Sindano Alhamisi. Sindano Ijumaa. Na chini ya zote, nyasi za Shamba la Kwato. Akaliweka beseni chini.

Wa kwanza kufikiwa na daktari ni yule aliyekuwa mapajani mwa Attracta. Aliitwa Nansi. Alizaliwa majira yale mzee Hartigan alipofariki, mama yake akafa wakati wa kumzaa, na Attracta alimlea kwa chupa kwenye sanduku kando ya jiko, wiki zile ambazo yeye mwenyewe hakuwa anaweza kula wala kulala. Hakuna aliyemwona Attracta akilia msiba wa baba yake. Nansi pekee ndiye aliyemwona. Sasa alikuwa kondoo mzee, meno yamepungua, na bado akisikia jina lake alikuja hadi mlango wa jikoni.

"Mshike shingo vizuri," Dervla akasema, akainua sindano kuondoa hewa.

Malachy alisubiri. Labda daktari angebadili mawazo. Labda padri angesema tusali kwanza. Labda Mossie, mwenye utani wa kila jambo, angetania tena kuhusu sindano, na yeye apate pa kuanzia. Mdomo aliufungua. Mdomo ule uliowahi kumweleza askofu kasoro za ng'ombe wake ulibaki wazi, hakikutoka kitu. Sindano ikaingia. Nansi hakushtuka hata kidogo, na Attracta akampapasa katikati ya masikio akimwambia tayari, tayari, imekwisha.

Daktari alikwenda kwa wa pili, akapiga goti, akashika ngozi.

"Usimchome," Malachy akasema.

"Unasemaje?"

"Usimchome. Nimewapa."

Hata watoto waliacha kutafuna.

"Umewapa nini?"

"Ndoo ya kulamba. Na ya kunywa. Na sindano."

"Sindano ngapi, Bwana Malachy?"

"Mbili," akasema. Kisha, kwa sauti ambayo hatukujua anayo, "Niliona vichwa vimeinama. Nikadhani haijatosha."

Dervla hakumkemea. Alitoa sindano kwenye bomba lake, akaitia kwenye kopo la taka, akafunga kifuniko, akabaki ameinama pale mkono juu ya kopo. Attracta alikuwa bado ameshika shingo ya Nansi. Hakuinua uso.

"Ungesema," alisema. "Dakika moja, Malachy. Dakika moja tu kabla."

Dawa ya kuiondoa seleniamu iliyokwisha kuingia mwilini hakuna. Dervla alisema ndoo itolewe, wahamishwe kutoka kwenye nyasi zile, wapewe maji safi na utulivu, wasikimbizwe, wasishikwe ovyo. Basi tukaweka sahani chini tukafanya kazi. Wasioweza kutembea tukawabeba juu ya milango hadi bandani, Mossie na nyonga yake mbovu akishika pembe moja, Padri Costigan pembe nyingine, mikono ya kanzu imekunjwa hadi viwikoni. Malachy alikwenda akalifunua lile pipa la maziwa, akamletea daktari chupa zote ili asome viwango. Alizikabidhi mbele yetu wote. Tunamhesabia hilo, ingawa si kubwa.

Nansi alikufa Jumapili kabla ya adhuhuri, wanakondoo wawili wakiwa tumboni. Dervla alimpigia Attracta simu kumwambia kwamba pengine angekufa tu, kwa kuwa zile za kwanza zilikuwa nyingi na ile ya mwisho ilikuwa ndogo mno. Attracta alimshukuru, akakata simu. Lakini hilo "pengine" halikumtuliza. Yeye ndiye aliyekuwa amemshika.

Jumla walikufa tisa. Jumatatu lilipokuja lori la kuchukua mizoga, Malachy aliwanyanyua wanane mwenyewe, akamkataza dereva kugusa. Wa tisa alikwisha kuzikwa chini ya ukuta wa jikoni, jambo ambalo sheria hairuhusu na ambalo hakuna mtu wa Gortavalla aliyeliona. Kati ya kumi na watatu waliobaki, wengine waliharibu mimba, wengine wakazaa. Hadi mwisho wa Aprili wanakondoo tisa walikuwa wanakimbia kwenye malisho ya juu, sita majike. Mbegu ya mzee Hartigan haikuishia mikononi mwa Attracta, lakini ilichungulia kaburi.

Sisi nasi hatukumwacha mzima Malachy, tusijitie utakatifu. Tulimwita Bwana Upungufu. Mnadani Mossie alimsogezea bakuli la supu, akamwuliza kwa unyenyekevu kama inahitaji seleniamu. Malachy alisema, "Sijui, Mossie." Meza nzima ikageuka kumtazama. Mtu aliyekuwa na jibu hata la hali ya hewa ya jana, leo hajui kuhusu supu. Tulimtania wiki mbili, halafu utani ukatuishia, maana kumcheka mtu asiyejitetea hakuna ladha.

Nyumbani Attracta hakumgombeza. Hilo ndilo lililomtisha. Alimwuliza kuhusu mvua, akamwambia mkate uko wapi, akamkumbusha ng'ombe wa kukamua. Kondoo hawakutajwa. Jioni alitoka peke yake kuwahesabu, akarudi, akavua gambuti mlangoni, na Malachy alisikiliza namna anavyozivua ili ajue kama idadi imetimia.

Alasiri moja mwishoni mwa Aprili, saa kumi kama kawaida, Malachy aliteleka maji. Attracta alikuwa amekaa mezani akishona tundu kwenye soksi. Malachy akamimina chai, akavuta kopo la sukari, akachota kijiko cha kwanza kikajaa, akakiinua. Kisha mkono ukasimama hewani. Alikitazama kijiko, akamtazama mkewe, akalitazama ua la dirishani ambalo majani yake yalikuwa yameanza kugeuka manjano.

"Attracta," akasema. "Wewe unatia vijiko vingapi?"

Attracta aliacha kushona.

"Situmii sukari."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujanijua."

Malachy akakirudisha kijiko kwenye kopo, taratibu, asimwage hata chembe. "Mbona hukuniambia?"

"Siku ya kwanza nilikuambia. Ukasema napungukiwa na nguvu."

Akamsogezea kikombe kama kilivyo. Attracta alikipokea kwa mikono miwili, akapuliza, akanywa hadi mwisho, na Malachy akabaki amesimama kando ya meza akitazama, kwa sababu katika miaka ishirini na sita hakuwahi kumwona akimaliza chai.